Wikendi yetu ya kwanza shamba msimu huu wa majani kupukutika, nisaidieni kabla hatujaondoka

Salma_gorofa7:
Habari zenu wapendwa. Mimi ni mtu wa mjini kabisa, nimezaliwa gorofani nimekulia gorofani, taa za barabarani zinamulika mpaka kitandani usiku kucha na sijawahi kulala mahali ambapo sisikii gari hata moja. Sasa mwisho huu wa Oktoba mimi na mume wangu tumekodi kijumba cha mbao huko shamba, tunafika Ijumaa jioni tunaondoka Jumapili mchana. Kipo bondeni karibu na mto, umeme upo, kupasha joto ni kwa jiko la kuni la chuma, na mwenye nyumba katuambia mapema kwamba netiwaki ni ya kubahatisha.

Nimetamani hii safari miaka mingi, nilikuwa naona picha za miti imekuwa mekundu na njano natamani nisimame chini yake hata nusu saa tu. Lakini kadiri siku zinavyokaribia naingiwa na wasiwasi. Sijawahi kuwasha jiko la kuni. Sijui nivae nini maana mchana watu wanasema jua linawaka, usiku wanasema barafu. Mume wangu anataka tuchume uyoga. Na kinachonitisha kuliko vyote, nasema ukweli, ni giza. Giza la kweli sijawahi kuliona. Waliozoea naomba mniambie kama mnavyomwambia mdogo wenu.

mzee_wa_milima:
Binti yangu karibu sana, na hongera kwa kuthubutu. Nianze na jambo ambalo watu wa mjini hulisahau wote, nalo ni jua. Mjini saa inakuongoza, kule jua ndilo linakuongoza. Wakati huu wa mwaka kwa nchi za kaskazini siku inapungua dakika 3 mpaka 4 kila siku ipitayo, yaani ndani ya wiki moja tu umepoteza dakika 20 na kitu za mwanga. Halafu kama mpo Ulaya, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma saa 1, Marekani ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo ikiangukia wikendi yenu Jumapili jua litazama saa nzima mapema kuliko Jumamosi kwa hesabu ya ukutani. Simu itajirekebisha yenyewe ila saa ya ukutani kwenye kijumba haitajirekebisha.

Kwa hiyo Ijumaa ondokeni mapema mfike mwanga upo. Ukifika na mwanga unaiona njia ya chooni, unaona kuni ziko wapi, mto uko upande gani, ngazi ina vidaraja vingapi. Likija giza unakuwa tayari unalijua eneo. Ukifika usiku kila kivuli ni mgeni kwako. Na barabarani muwe makini magharibi na alfajiri, kulungu wako kwenye msimu wa kupandana wanakatiza bila kuangalia, akipita mmoja punguza mwendo kabisa maana nyuma yake huwa kuna mwingine.

Umesema kijumba kipo bondeni. Basi sikiliza hii. Usiku ukiwa mtulivu na mbingu haina mawingu ardhi inapoteza joto, hewa ya baridi ni nzito inateremka kama maji mpaka chini bondeni inatuama hapo. Kwa hiyo asubuhi mtaamka kwenye ukungu na baridi kali mkadhani siku imeharibika. Msirudi kulala. Vaeni mpande kilima kilicho karibu. Siwaambii zaidi, nendeni mkaone.

Mama Sele:
Salma mdogo wangu mimi nakuja kwenye jiko tu maana hapo ndipo roho za watu zinapopotea.

Kwanza kabla hujawasha fungua kidirisha cha hewa cha jiko na kile kizibo cha dohani kama kipo, halafu anza na vijiti vyembamba vikavu kabisa, moto ukishika ndio uweke gogo moja moja, watu wanajaza magogo matatu kwa mpigo moto unakosa pumzi wanaanza kulia moshi. Kuni ziwe kavu. Chukua vipande viwili uvigonganishe, vikitoa mlio mkali kama mbao ya ngoma ni vikavu, vikitoa mlio mfu kama unagonga boga ni vibichi hivyo, weka pembeni.

Pili, na hii naomba uisome mara mbili na mumeo aisome. Moto wowote ukikosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, huijui mpaka kichwa kinakuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na wengi wanadhani ni uchovu wa safari wanaenda kulala ndio basi. Mkiumwa kichwa wote wawili kwa wakati mmoja ndani ya nyumba yenye moto, tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Nunueni kile kifaa kidogo cha kengele ya kaboni monoksidi, cha betri, hata kama mwenye nyumba anasema anacho. Na jiko la mkaa la kuchomea nyama lisiingie ndani kamwe hata likionekana limezima, hata mvua ikinyesha. Jirani yetu mmoja zamani tulimkuta asubuhi, mimi sijawahi kusahau ule mlango.

Majivu nayo yanakaa na makaa hai hata siku nzima na zaidi, zoa uweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko nje, mbali na mbao.

juma_wa_porini:
Mambo ya uyoga mbona raha tu, mimi nachuma kila mwaka, mwambie shemeji asiogope, ukiona konokono wameula ujue ni salama na ukiuchemsha vizuri sumu inatoka

Mama Sele:
Juma mdogo wangu hapana, na sitanyamaza kwa hili. Konokono anakula uyoga unaomuua binadamu na anaondoka zake mzima. Ule uitwao Amanita phalloides, wa kijani-manjano hivi, sumu yake haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha, na ubaya wake dalili zinaanza baada ya saa 6 mpaka 24, unatapika unaharisha, halafu unapata nafuu unadhani umepona kumbe ini linakufa. Salma, tazameni uyoga, upigeni picha, uacheni pale pale. Siku mkipata mtu anayeujua kwa miaka mtakwenda naye.

juma_wa_porini:
Sawa dada nimekuelewa, hiyo ya konokono nilifundishwa nikiwa mdogo na sijawahi kuiuliza. Mimi nachuma aina mbili tu ninazozijua. Salma msinifuate kwa hilo

Salma_gorofa7:
Asanteni mno, kengele nimeshanunua leo leo. Uyoga nimemsomea mume wangu kasema basi. Bado nguo na giza jamani.

toka_juzi:
Nguo dada ni tabaka, usibebe koti moja zito ukadhani umemaliza. Chini kabisa kitu cha sufu au cha kile kitambaa cha mazoezi, siyo pamba, pamba ikilowa jasho inakaa na maji mwilini, ukisimama tu unaanza kutetemeka. Katikati sweta, juu kitu cha kuzuia upepo na mvua. Unapanda kilima unavua, unasimama unavaa kabla hujasikia baridi siyo baada. Jinzi iache kwa ajili ya garini. Soksi pea za akiba, viatu vyenye meno maana majani yaliyolowa juu ya mawe yanateleza kama sabuni.

Kupe usidhani wamekufa kwa sababu ya baridi, mchana ukipanda nyuzijoto nne tano hivi wapo kwenye majani marefu wanasubiri. Suruali ingiza kwenye soksi, jioni kagua nyuma ya magoti, kinena, kwapa, nyuma ya masikio. Ukimkuta chukua kibano chembamba, mshike karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja polepole, usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta. Halafu mwezi mzima angalia pale alipouma, pakitokea wekundu unaotanuka nenda hospitali, inaweza kuwa ugonjwa wa Lyme na ukiwahiwa unatibika kwa antibayotiki.

Ramani pakua kwenye simu kabla hujatoka mjini, na simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inakula betri.

jicho_la_usiku:
Salma mimi nimekaa kwenye neno lako giza toka jana. Nilikuwa kama wewe. Usiku wa kwanza shamba nililala na taa inawaka na nilijuta baadaye, ndio maana nakuandikia.

Fanyeni hivi. Jumamosi usiku, mmeshakula, mmevaa kila kitu mlichonacho, zimeni taa zote za ndani na mtoke nje mkae kwenye kiti siyo kusimama. Msiwashe simu. Dakika ya kwanza huoni kitu na moyo utaenda mbio, mshike mumeo mkono. Dakika ya 5 unaona mstari wa paa. Macho yanahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea kabisa, na mwanga wa simu wa sekunde moja tu unayarudisha mwanzo, kwa hiyo kama lazima muwe na tochi ifunikeni kwa kitu chekundu. Ukifika nusu saa utagundua hakuna giza, kuna nyota zinakumulikia mpaka njia.

Angalia mashariki mida ya saa 3 usiku utaona Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota zilizobanana, jina la bibi zetu hilo, mjini unaona ukungu tu au huoni kabisa. Juu ya kichwa kuna doa dogo refu kama moshi, hiyo ni galaksi ya Andromeda, mwanga wake umesafiri kama miaka milioni 2.5 mpaka kufika jichoni mwako na hauhitaji darubini. Kalenda ya mwezi tu muiangalie, mwezi mpevu unafuta nyota zote.

Na mkisikia mngurumo mzito msituni kama mtu anavuta kabati sakafuni, ni kulungu dume anaita majike. Hawafuati watu. Msimsogelee tu.

Salma_gorofa7:
Jamani tumerudi jana na siwezi kulala kabla sijawaandikia.

Ijumaa tulifika mwanga umebaki saa nzima, mzee wangu asante, nilitembea kila kona nikahesabu mpaka vidaraja, vinne. Jiko lilishika mara ya pili, mara ya kwanza tulisahau kizibo cha dohani, moshi ukarudi ndani tukafungua madirisha yote tukaanza upya. Kengele ililala karibu na kitanda.

Jumamosi asubuhi nilifungua mlango sikuona hata gari letu. Ukungu mtupu. Kipimajoto cha dirishani kinasema 1 chini ya sifuri, mume wangu akasema turudi ndani, nikamwambia mzee kasema tupande. Tumepanda kama nusu saa hivi, tunasikia pumzi zetu tu na maji yakidondoka, halafu mwanga ukaanza kuwa wa maziwa, halafu wa dhahabu, halafu nikapiga hatua moja nikatoka. Kichwa kipo juani, magoti bado yapo ukunguni. Bonde lote limejaa nyeupe kama limemiminwa na vilele vya miti mekundu vinachungulia hapa na pale. Tulivua makoti tukakaa kwenye jiwe na sikumbuki tulikaa muda gani.

Usiku tulikaa nje kama jicho_la_usiku alivyosema. Nililia kidogo dakika za mwanzo, siyo kwa hofu peke yake. Kilimia nimekiona. Nimehesabu nyota sita.

Ila nina swali, mzee wa milima upo? Jumapili asubuhi baridi ilikuwa kali kuliko Jumamosi, kila kitu kina barafu nyeupe, na mbele ya kijumba kuna mti mmoja mkubwa wa njano. Hakuna upepo kabisa, moshi wa dohani unapanda wima kama kamba. Jua lilipougusa ule mti majani yakaanza kudondoka yenyewe, kwanza moja moja, halafu mengi mengi kwa pamoja, yanatoa mlio kama mvua nyepesi, na ndani ya nusu saa mti umebaki karibu mtupu. Kwa nini bila upepo?

mzee_wa_milima:
Nipo binti yangu, na umeona kitu ambacho wengi wanaoishi huko hawakubahatika kukiona.

Siku zikifupika mti unaanza kurudisha mali yake ndani. Ule ukijani wa klorofili unavunjwa, na njano uliyoiona ilikuwemo kwenye jani tangu mwanzo ila ilifunikwa, wekundu ndio unaotengenezwa upya mwishoni kwa sukari iliyobaki, ndio maana siku za jua na usiku wa baridi rangi inakolea. Wakati huo huo pale kikonyo kinaposhikana na tawi mti unajenga ukuta mwembamba wa seli, unajikata wenyewe na kuziba kidonda. Jani linabaki limeshikilia kwa uzi tu. Usiku ule wa barafu maji yaliyokuwa pale kwenye kiungo yaliganda, barafu ikawa ndiyo gundi iliyobaki. Jua likaiyeyusha yote kwa wakati mmoja.

Kama ulibeba kijiti chochote kutoka kule, tazama lile kovu la jani. Juu yake kidogo kuna kitu kama punje, kimefunikwa magamba. Hilo ni chipukizi la mwakani, lilikuwa tayari tangu kiangazi, kabla hata jani halijaanza kugeuka.

Salma_gorofa7:
Ninacho kijiti kwenye glasi hapa dirishani, nilikiokota chini ya mti ule ule. Nimemulika na tochi sasa hivi. Lipo. Yapo saba.