Tupeane uzoefu: binti anayekwenda Paris peke yake kwa mara ya kwanza

Mtoa mada
Habari za humu wapendwa. Dada zetu wengi wanapanga kwenda Ulaya peke yao, matembezi ya siku nane hadi kumi, hawamfuati mume wala hawaendi kikazi. Wengi wanaitaja Paris. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo wanaoyajua haya mambo wayaweke hapa kwa vipimo na kwa bei, mtu akisoma leo kesho aanze. Tumchukulie mwenye pasi ya Tanzania anayepandia ndege Dar. Na tusifichane kuhusu rangi: mwanamke mweusi akiwa peke yake anatazamwa mara mbili, mpakani na hata mapokezi ya hoteli. Tuseme na hilo linakabiliwaje.

Mkata tiketi
Naanza na viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika kwenye kundi la nchi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo, maana safari nyingi zinafia hapo kabla hata begi halijafungwa.

Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukipanga Paris siku sita na Brussels siku mbili, maombi yanakwenda Ufaransa hata kama ndege inatua Brussels. Siku zikilingana ndipo inaangaliwa nchi ya kuingilia. Dirisha la maombi linafunguka miezi sita kabla ya safari na linafungwa siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15 lakini sheria inaruhusu uvutwe hadi 45, kwa hiyo aliyepeleka miezi miwili kabla analala usingizi. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudi ukinyimwa.

Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibakiwe na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, inayofanya kazi nchi zote za Schengen na kwa siku zote. Watu wananunua bima ya siku nane kwa safari ya siku tisa kwa sababu wamesahau kuhesabu siku ya kuondoka, na siku hiyo moja inatosha kuangusha maombi.

Kuhusu pesa, Ufaransa ina viwango vinavyojulikana: euro 65 kwa kila siku ukiwa na hoteli uliyokwisha kuweka, 120 ukiwa huna, na 32.50 ukifikia kwa mwenyeji. Siku nane za hotelini ni euro 520, na hicho ni kima cha chini kabisa. Mwenyeji naye lazima aende ofisi ya meya wa anakoishi akachukue karatasi inayoitwa attestation d'accueil, analipia stempu ya euro 30. Barua ya shangazi ya "karibu mwanangu" pekee haihesabiki.

Taarifa ya benki ya miezi mitatu inasomwa kwa mwendo wake, hawatazami salio la mwisho tu. Akaunti iliyokuwa na laki mbili kisha wiki ya mwisho ikaingia milioni sita inaonekana ya kuazima. Ikiwa pesa ni halali, mfano umeuza kiwanja au umepokea zamu yako ya upatu, weka karatasi inayoonyesha ilikotoka. Aliyeajiriwa aambatanishe barua ya likizo yenye tarehe ya kurudi kazini. Mwenye biashara alete leseni, TIN na taarifa za biashara. Msichana asiye na mume wala mtoto anaulizwa zaidi kama atarudi. Haipendezi, lakini jibu lake liwe kwenye makaratasi kabla swali halijaulizwa.

Ukishaipata viza, isome. Kuna tarehe za kuanza na kuisha, halafu kuna idadi ya siku za kukaa. Viza inaweza kuwa hai siku 25 huku siku za kukaa ni 10. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Mfumo mpya wa mipakani, EES, ulioanza 12 Oktoba 2025, unapiga picha ya uso na kuhesabu siku kwa mashine, kwa hiyo ukipitiliza inajulikana.

Fundi hina na nywele
Nachomekea suala la alama za vidole kwenye maombi ya viza, maana hili watu wa pwani linatuhusu. Siku ya kupeleka maombi unachukuliwa vidole vyote kumi. Hina nzito au piko kwenye ncha za vidole vinaweza kuichanganya mashine. Kama kuna harusi, pakwa kiganjani na juu ya mkono, ncha ziachwe. Au harusi ipite wiki tatu ndipo uende. Kucha ndefu za bandia nazo ni tatizo: zinainua ncha ya kidole, nyama haikai bapa juu ya kioo, mashine inasoma nusu. Kata ziwe fupi. Na wanaofua kwa mkono au kushinda jikoni, mistari ya vidole hufifia. Paka mafuta vidoleni kila usiku kwa wiki nzima, kisha siku yenyewe nawa vizuri ukauke.

Nywele: usibadilike sana ukatofautiana na picha ya pasi. Rasta za kiunoni rangi ya dhahabu, na pasini una kipara, zitakuchelewesha dirishani. Suka za kawaida, uso wote wazi. Ondoa pete na shanga za chuma kwenye misuko kabla ya uwanja wa ndege, zinalia kwenye mashine. Hata bila chuma, msuko mnene uliofungwa juu kama kilemba mara nyingi unashikwashikwa na wakaguzi. Achia nywele zilale mgongoni, na ukitakiwa kukaguliwa una haki ya kudai mkaguzi mwanamke. Mwenye hijabu adai na chumba cha faragha.

Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Ulaya wakati wa baridi hayatoki kwenye chupa nyembamba hata uigeuze mpaka kesho. Yaweke kwenye kopo la mdomo mpana, uchote kwa kidole. Mkononi kopo lisizidi mililita 100, na makopo yote yaingie kwenye mfuko mmoja wa plastiki angavu wa lita moja. Yaliyobaki kwenye begi la chini. Mafuta yaliyoganda nayo yanahesabiwa kama vimiminika, kwa hiyo usibishane na mkaguzi.

Mkata tiketi
Na chakula cha kubeba. Nyama, maziwa, jibini na samli haviingii Ulaya, hata sambusa ya nyama ya kulia njiani. Dagaa wakavu wanaruhusiwa, samaki mpaka kilo 20. Embe na parachichi bila cheti cha afya ya mimea vinatupwa. Ndizi, nanasi, nazi na tende vinapita.

Msomaji wa Lubumbashi
Na siye wenye pasi ya Kongo, ni vilevile?

Mkata tiketi
Kuna tofauti moja kubwa, ndugu yangu. Mwenye pasi ya Kongo anatakiwa kuwa na viza ya kupitia uwanja wa ndege hata kama anabadilisha ndege Paris bila kutoka nje. Pasi ya Tanzania au Kenya haiko kwenye orodha hiyo ya pamoja. Ukiwa na viza hai ya Schengen, au ya Marekani au Kanada, unasamehewa. Angalia kabla ya kununua tiketi ya bei rahisi inayopitia Ulaya.

Mwanasheria
Sasa mpakani. Viza si ruhusa ya mwisho. Askari pale Charles de Gaulle, uwanja wa ndege wa Paris, anaweza kudai upya hoteli, bima, tiketi ya kurudi na pesa. Makaratasi hayo yachapwe, yakae kwenye mkoba wa mkononi. Simu inazima chaji, na begi la chini hulifikii mpaka uvuke.

Maswali ni machache: unakuja kufanya nini, siku ngapi, unalala wapi, nani anakulipia. Jibu kifupi, na majibu yalingane na uliyojaza kwenye maombi. Walioandika hoteli kisha wakasema "nafikia kwa rafiki" ndio wanaopelekwa pembeni. Ukiwa umebadili mpango, beba uthibitisho wa mabadiliko.

Ukipelekwa chumba cha pembeni usilie wala usigombe. Omba mkalimani wa lugha unayoielewa, Kiswahili kikiwemo. Usisaini kitu usichokisoma. Wakikunyima kuingia, wanatakiwa kukupa uamuzi wa maandishi wenye sababu. Una haki ya kupiga simu, kuonana na daktari, na kuomba usirudishwe kabla ya siku moja kamili kupita, wao wanaiita jour franc. Hiyo ya mwisho haiji yenyewe, lazima uitamke. Shirika la Anafé linawasaidia walioshikiliwa kwenye maeneo hayo. Andika namba yake kwenye karatasi kabla ya kuondoka nyumbani.

Mitaani, mgeni Ufaransa anatakiwa aweze kuonyesha pasi na viza akiulizwa. Ukaguzi wa kuchagua watu kwa rangi upo, na mahakama ya juu ya nchi hiyo, Cour de cassation, iliitia serikali hatiani kwa hilo Novemba 2016. Tembea na pasi kwenye mkoba wa ndani ya nguo, nakala iachwe hotelini.

Mkaazi wa Ulaya
Ukitoka uwanjani, atakayekufuata ndani ya jengo akisema "teksi, dada" mpite. Teksi halali zinapanga foleni nje na bei imefungwa: mwaka 2025 ilikuwa euro 56 mpaka ng'ambo ya kulia ya mto Seine unaokata Paris, 65 ng'ambo ya kushoto. Treni ya RER B ya kwenda mjini mwaka 2025 ilikuwa euro 13. Tiketi usiitupe, mlango wa kutokea unaidai, na wakaguzi pia.

Kukaa karibu na stesheni ya treni ya Gare du Nord kunamfaa mtu mweusi mgeni, ingawa usiku pale nje ya stesheni hapatulii. Chagua mtaa wa nyuma kidogo. Kwa metro, treni ya chini ya ardhi, namba 4, vituo viwili kuelekea kusini uko Château d'Eau kwenye saluni za nywele zetu, vituo viwili kaskazini uko Château Rouge kwenye soko la mihogo, kisamvu na ndizi za kupika. Château d'Eau vijana wanasimama mdomoni mwa metro wakivuta wateja kwa mkono. Usikae kwenye kiti mpaka mmekubaliana bei ya kusuka, bei ya rasta zenyewe, na urefu. Hayo matatu yasipotajwa, bei inaongezeka kichwa kikiwa nusu. Krimu za kuchubua zinazouzwa kwa kificho usiguse, zenye hidrokwinoni zimepigwa marufuku huko kama kwetu.

Ngazi za Sacré-Cœur, karibu na Château Rouge, kuna wanaofunga nyuzi mkononi kisha wanadai pesa. Wanakuita kwa "hakuna matata", na moyo wa mtu wa Dar unalainika. Mikono mifukoni, endelea kutembea.

Hotelini, kadi ya chumba iwe mkononi unapoingia usiku, maana wapo walinzi wanaomsimamisha mwanamke mweusi aliye peke yake wakidhani si mgeni wa hoteli. Ionyeshe, omba jina lake, kisha lalamika kwa meneja kwa maandishi. Omba chumba cha ghorofa ya pili kwenda juu, na kabari ya mlango ya mpira ni bei ndogo, haina uzito.

Namba: 112 kwa dharura yoyote, 15 kwa wagonjwa, 17 polisi. Ukisumbuliwa ndani ya treni piga 3117 au tuma ujumbe 31177. Kwenye mikahawa na maduka yaliyojiunga na mpango wa kuwasaidia wanaosumbuliwa, ukiuliza "Où est Angela?" (Angela yuko wapi?) wahudumu wanaelewa kwamba unafuatwa.

Nesi
Homa ikikupata huko au ndani ya miezi mitatu baada ya kuondoka Tanzania, sentensi ya kwanza kwa daktari iwe: natoka nchi yenye malaria. Daktari asipoambiwa anaweza kudhani ni mafua, na malaria haisubiri. Dawa zako zibaki kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, beba. Sindano inaanza kuhesabika siku ya 10, na ukirudi kupitia Addis Ababa au Nairobi kwa kusubiri zaidi ya saa 12 unaweza kudaiwa.

Mkata tiketi
Simu: laini ya nyumbani ibaki ndani, data yake izimwe, kwa sababu benki inatuma neno la siri kwa namba hiyo. ATM ikikuuliza ukatwe kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Beba noti za 20 na 50. Plagi zao zina pini mbili za mviringo, adapta nunua Kariakoo kabla hujaondoka.