Naombeni ushauri: takwimu za meno za Uingereza, je, naweza kuzilinganisha?

Habari zenu ndugu zangu. Naandaa chati ya afya ya meno ya watu wazima kutokana na tafiti za kitaifa za Uingereza, na nimekwama.

Mwaka 1968, England na Wales, asilimia 37 ya watu wazima hawakuwa na jino hata moja la asili. Mwaka 2009 ilibaki asilimia 6, ila safari hiyo Ireland ya Kaskazini nayo ilikuwamo. Hapo naona tanbihi inatosha.

Kinachonisumbua ni 2021. Tafiti za awali daktari alimkagua mtu kinywani kwa taa na kioo, jino kwa jino. Mwaka 2021, kwa sababu ya korona, watu wa England walijaza dodoso tu, kila mmoja akijihesabia meno mwenyewe. Mtu huhesabu meno, lakini tundu dogo la nyuma hawezi kuliona! Nimejaribu kutumia idadi ya meno pekee na kuacha uozo, bado sina amani.

Maswali yangu mawili: namba za 2021 niziweke kwenye mstari uleule au nizitenge kabisa? Na upatikanaji wa huduma nipimeje, iwapo swali linawahusu waliojaribu kupata miadi tu? Waliokata tamaa wasijaribu wanapotea kwenye hesabu, na kwangu hao ndio hasa wa kuangaliwa.

Natanguliza shukrani.