Kapsuli za kuchoma mafuta na presha: lebo hii isomwe vipi?

Chuma_Kizito
Wakuu, naomba msaada wa kusoma lebo. Ni kapsuli za kupunguza mwili, kopo limeandikwa "mitishamba asilia". Dozi ni kapsuli 2 asubuhi na 2 mchana. Kila dozi ina kafeini 150 mg, dondoo ya guarana 600 mg yenye kafeini 22%, dondoo ya danzi 300 mg yenye sinefrini 6%, halafu "mchanganyiko maalumu" wa 450 mg: yohimbe, chai ya kijani na mizizi ya susu. Mtumiaji ana miaka 46, presha yake inacheza kwenye 138/88 na anameza dawa za presha, amlodipini 5 mg na haidroklorothiazidi 12.5 mg. Kiungo kibaya hapo ni kipi? Na presha ipimwe saa ngapi?

Dirisha_la_Dawa
Mkuu, usitafute mkosaji mmoja. Anza na hesabu.

Guarana ni kafeini iliyovaa jina lingine. 22% ya 600 mg ni 132 mg. Jumlisha ile 150, unapata 282 mg kwa dozi moja na 564 mg kwa siku, kabla hujagusa chai ya kijani wala kikombe chochote cha kahawa. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asipite 400 mg kwa siku, na kwa mkupuo mmoja karibu 200. Lebo hii imevuka mipaka yote miwili, na mtu mwenyewe tayari ana presha.

Sasa ongeza wengine. Sinefrini ya danzi, hapa 18 mg, ni ndugu wa efedrini (kichocheo cha mmea wa efedra), ila dhaifu zaidi. Hubana mishipa na kuusukuma moyo. Yohimbini, kemikali iliyomo kwenye yohimbe, hufanya kazi kwa njia nyingine: mwili una breki inayozuia noradrenalini (homoni inayopandisha presha) isimwagike ovyo, na yohimbini huifungua. Kafeini nayo huzuia adenosini, ambayo kazi yake ni kuupoza moyo na kulegeza mishipa. Mmoja anakanyaga mafuta, wawili wanaondoa breki.

Hiyo 450 mg ya "mchanganyiko maalumu" ndiyo inayoniudhi. Lebo inataja jumla tu, kwa hiyo yohimbe inaweza kuwa 20 mg au 300. Kipimo kisichojulikana huwezi kukipunguza.

Mapigo72
Naongezea susu, maana wengi huiruka wakidhani ni ya kuongeza utamu tu. Gliserizini iliyomo huzuia kimeng'enya cha figo kinachozima kotisoli. Kotisoli ikibaki hai inaiga aldosteroni, homoni ya kubakiza chumvi: chumvi na maji vinabaki mwilini, potasiamu inapotea kwenye mkojo. Huyu anameza haidroklorothiazidi, nayo inatoa potasiamu. Potasiamu ikishuka huku noradrenalini iko juu, hapo ndipo mapigo huvurugika. Dalili za mwanzo ni misuli kukaza, miguu kuishiwa nguvu na moyo kuruka pigo. Kwenye lebo itafute kwa jina la Glycyrrhiza.

Kuhusu kupima: wengi hupima asubuhi kabla ya kumeza, wanaona namba nzuri, wanatulia. Kafeini hufika kileleni kati ya dakika 30 na 60, kwa hiyo pima kabla, kisha dakika 60 baada ya dozi, kisha saa 3 baadaye. Mpimwaji aende haja ndogo kwanza, akae dakika 5 ameegemea, nyayo zote chini, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kwenye ngozi tupu, na asiongee. Soma mara mbili, dakika moja katikati, andika na mapigo pia. Kupanda kwa 10 mpaka 15 kwa namba ya juu kila baada ya dozi kunatosha kusema haimfai.

Ila kwa huyu ningesema asianze kabisa. Kunyanyua vyuma huku pumzi imebanwa peke yake kunapandisha presha sana kwa sekunde chache. Dawa hizi humezwa hasa kabla ya mazoezi, kwa hiyo vilele viwili vinakutana.

Mzizi_Mkavu
Na msitulizwe na maneno "haina efedra". Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedrini mwaka 2004 baada ya taarifa za viharusi, mshtuko wa moyo na vifo, vingine kwa vijana wasiokuwa na ugonjwa unaojulikana. Watengenezaji wengi wakahamia danzi. Majina ya kuogopa ni Ephedra sinica, ma huang na Sida cordifolia. Huyo wa mwisho pia ana efedrini na huwapita watu kimya kimya.

Dirisha_la_Dawa
Dawa ambazo hazikai pamoja na kopo kama hili: za kuzibua pua zenye pseudoefedrini; klonidini (dawa ya presha), kwa sababu yohimbini inaitengua; siprofloksasini (antibiotiki) na fluvoksamini (dawa ya sonona), kwa sababu zinachelewesha ini kuondoa kafeini, dozi ya mchana inakutana na ya asubuhi bado ipo; na linezolidi (antibiotiki) pamoja na dawa za sonona zinazozuia kimeng'enya cha MAO, ambapo presha inaweza kuruka vibaya. Vidonge vya uzazi wa mpango pia hurefusha muda wa kafeini mwilini, takriban mara mbili.

Chuma_Kizito
Asanteni sana. Tatizo ni kwamba ameshatumia wiki mbili. Aache ghafla?

Mapigo72
Kapsuli aache leo hii. Kinachosumbua baada ya hapo ni kukosa kafeini: kichwa kinaanza kuuma saa 12 hadi 24 baadaye, na hali hiyo inaweza kwenda siku 2 hadi 9. Anywe kikombe kimoja au viwili vya kahawa kwa siku, apunguze nusu kila baada ya siku 2 au 3. Kwa maumivu atumie parasetamoli tupu, maana vidonge vingi vya kichwa vimechanganywa na kafeini, na ibuprofeni hupandisha presha na kudhoofisha haidroklorothiazidi. Daktari wake ampime potasiamu.

Akipata maumivu ya kifua, kuzimia, mdomo kwenda upande, au presha 180/120 pamoja na dalili yoyote, ni hospitali papo hapo, na aende na kopo lenyewe. Asipoambiwa, daktari hataijua yohimbini, na dawa za moyo huchaguliwa tofauti kichocheo kikiwa bado kipo kwenye damu.