Daftari la wanachama kabla ya sanduku la kura: jumuiya za Kiyahudi hufanyaje?

Katibu wa Tandika

Ndugu zangu, mimi ni katibu wa chama cha kuzikana hapa Tandika, na mkutano mkuu umeniagiza nilete mapendekezo ya kanuni mpya za uchaguzi. Uchaguzi uliopita ulituachia donda. Asubuhi ile, watu wakiwa wameshaketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, mpambe wa mgombea mmoja alinikabidhi ada za watu thelathini na mmoja kwa mkupuo. Fomu zote zilijazwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja ya bluu, na wengi wa waliotajwa sikuwahi kuwaona msibani hata siku moja. Kwa kuwa katiba yetu inasema aliyelipa ada ni mwanachama, niliwaandikia stakabadhi za namba zinazofuatana, wakanyoosha mikono, mwenyekiti akapatikana. Hakuna kanuni iliyovunjwa, lakini sijapata amani tangu siku hiyo.

Najua kwamba Wayahudi, ambao kwa karne nyingi walijiendeshea mambo yao wenyewe katika nchi za ugenini, wana uzoefu mrefu wa vyama vya wanachama, vikiwemo vya kuzikana. Naomba kuelezwa: wao humtambuaje mpiga kura halali, na huzuiaje ukoo mmoja kukalia uongozi?

Msomaji wa Upanga

Ndugu Katibu, pole sana. Hilo la ada wao pia limewasumbua. Mkutano wa Kizayuni wa Dunia, yaani wa harakati ya kuwapatia Wayahudi taifa lao, ulioitishwa mara ya kwanza na mwandishi wa habari Theodor Herzl mjini Basel, Uswisi, mwaka 1897, uliifungamanisha haki ya kuchagua wajumbe na ada ndogo iliyoitwa shekeli, na tangu mkutano wa pili, mwaka 1898, wanawake walikuwa na kura sawa na wanaume.

Utaratibu huo haujafa. Katika uchaguzi wa wajumbe wa Marekani wa mwaka 2025, kila mpiga kura alilipa dola 5, akathibitisha kwamba ni Myahudi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, kwamba anakubali misingi ya harakati hiyo, na kwamba hakupiga kura katika uchaguzi wa bunge la Israeli uliotangulia. Sharti hilo la mwisho lina sababu: viti vya Israeli, asilimia 38 ya mkutano mzima, hugawanywa kwa kufuata matokeo ya bunge lao, kwa hiyo aliyepiga kura kule akiruhusiwa na huku atahesabiwa mara mbili. Marekani ina asilimia 29, na nchi nyingine zote asilimia 33, ingawa katika baadhi ya nchi hizo makundi hupatana kugawana viti bila kura kupigwa, jambo ambalo kwangu mimi ni dosari kubwa, kwani mwanachama wa kawaida anabaki mtazamaji.

Mwaka 2020 walipiga kura zaidi ya watu 120,000 kule Marekani. Mwaka 2025 walizidi 220,000, na ushindani ulipopanda zikajitokeza kura za kutiliwa shaka zilizolazimu ukaguzi. Stakabadhi inathibitisha kwamba fedha imepokelewa. Haisemi imetoka mfukoni mwa nani. Lifungeni daftari miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na kila mtu alipe kwa simu yake mwenyewe.

Mwalimu wa historia, Kinondoni

Nijibu la ukoo. Katika jumuiya za Kiyahudi za Poland na Lithuania, kati ya karne ya 16 na ya 18, majina ya walipa kodi yalitiwa katika chombo, yakatolewa kwa kura ya bahati nasibu, na waliotoka ndio waliowateua wapiga kura wa kuchagua viongozi. Chombo hicho kiliitwa kalpi, neno ambalo hadi leo kwa Kiebrania ni sanduku la kura. Kanuni za jumuiya nyingi zilikataza ndugu wa karibu kukaa pamoja katika jopo hilo. Hata hivyo, asiyelipa kodi hakuwa na sauti, na mara kwa mara nyumba zilezile za matajiri zilirudi madarakani.

Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mafundisho na mijadala ya marabi, inasimulia kwamba Mungu alipomteua fundi Bezaleli kujenga hema la ibada jangwani, alimwuliza Musa kama anamkubali. Musa akajibu kwamba akikubalika kwa Mungu, yeye ni nani amkatae. Bado akaambiwa aende akawaulize watu. Fundisho lililotolewa hapo ni kwamba kiongozi hawekwi juu ya umma kabla umma haujaulizwa.

Mweka hazina, Mbagala

Ndugu Msomaji, hiyo miezi mitatu naiogopa. Mama lishe aliyeuguza mtoto mwezi mzima atachelewesha ada, nanyi mtamfuta katika chama alichokichangia miaka kumi. Afungiwe mlango mwanachama mpya, siyo wa zamani mwenye deni dogo.

Msisahau pia ukomo wa vipindi. Baraza la Wawakilishi wa Wayahudi wa Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1760, huchagua rais kwa miaka mitatu, na haruhusiwi kupita vipindi viwili mfululizo. Wajumbe wake hutoka katika masinagogi na vyama wanachama, kwa hiyo Myahudi asiye na sinagogi wala chama hana njia ya kupiga kura. Tena walikaa hadi mwaka 2000 ndipo Jo Wagerman akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais. Ndugu Katibu, katika kamati yenu wako wanawake wangapi?

Katibu wa Tandika

Dada Mweka hazina, ni mmoja tu, naye ndiye anayepika chai ya kikao. Nitaliandika hilo pia.

Nitapendekeza mwanachama mpya asipige kura kabla ya miezi mitatu, wa zamani apewe nafasi ya kumaliza deni hadi wiki moja kabla, na majina yote yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kwa siku kumi na nne, ili anayemwona asiyemfahamu aweke pingamizi mapema. Kura itakuwa ya siri. Wale thelathini na mmoja nitawaita mmoja mmoja, kila mtu aje ajaze fomu yake kwa mkono wake.