Santuri za Showaddywaddy na Mud: mbona nyimbo za 1975 zinasikika kama za 1955?

Mwanatanga_Leicester

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua muziki wa zamani wa Waingereza.

Niko Leicester mwaka wa tatu sasa, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Jumamosi nilipita duka la mitumba la hisani nikakuta kasha la santuri ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande, 31 kwa pauni 10. Nikabeba, maana kuna bibi ninayemhudumia ana gramafoni, na hata siku asizosema neno vidole vyake hupiga mapigo kwenye mto. Humo mna bendi za Showaddywaddy, Mud, Rubettes na Darts, zote za kati ya 1974 na 1978. Nilipoweka "Three Steps to Heaven" ya Showaddywaddy, bibi akafumbua macho: "Siye huyu. Mwenyewe alikufa."

Nani alikufa? Na ilikuwaje vijana wa miaka ya sabini wavae na kuimba kama baba zao? Halafu santuri kama tisa zina tundu kubwa katikati, zinayumba kama daladala yenye gurudumu bovu. Nizitupe?

Fundi_Redio

Usitupe mkuu. Hizo zilikuwa kwenye mashine za baa, zile unatumbukiza sarafu unachagua wimbo. Wenye mashine walikuwa wanang'oa kitovu ili sahani ikae kwenye mashine. Tafuta kiziba cha plastiki cha katikati, bei yake ni ya soda tu.

Babu_wa_Belgrave

Hukuniamkia, lakini nakuitikia hivyo hivyo: marahaba mwanangu.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, Mhindi, baba alikuwa na duka la vitambaa. Tulihamia Leicester 1968 nikiwa na miaka minane, kwa hiyo nyimbo hizo zilinikuta katika umri wenyewe.

Aliyekufa ni Eddie Cochran, Mmarekani. Aprili 1960 alikuwa ziarani huku, teksi ikapata ajali pale Chippenham, akafia hospitali mjini Bath. Alikuwa na miaka 21. Wimbo ukapanda namba moja Uingereza mwenyewe yuko kaburini. Showaddywaddy wakaurudia 1975, wakafika namba mbili. Bibi yako kumbukumbu zake ziko sawa kuliko zangu.

Na hao Showaddywaddy ni wa hapo hapo ulipo. Bendi mbili za Leicester ziliungana 1973, zikaja na watu wao wote: wanane jukwaani, wapiga ngoma wawili, besi mbili, magitaa mawili, waimbaji wawili. Makoti marefu yenye kola ya mahameli, viatu vya soli nene kama mkate. Mavazi hayo yalikuwa ya Teddy Boys, vijana wa kizungu wa miaka ya hamsini, na baadhi yao walikuwa katika makundi yaliyowapiga watu weusi Notting Hill, London, 1958. Mwaka 1974 walikuwako bado, na wadogo zao wapya. Mimi nikiona koti lile Belgrave Road, mtaani kwetu hapa Leicester, nilivuka barabara.

Sasa fikiria Alhamisi jioni, ndani kunanuka vitunguu, tumekaa mbele ya televisheni kutazama Top of the Pops, kipindi cha nyimbo zinazovuma. Wanatokea hao jamaa, na nyuma kwenye ngoma, ndani ya koti lile lile, yumo Romeo Challenger, mtu mweusi mzaliwa wa Antigua! Mama akauliza, "Huyu naye wamemruhusu?" Sikumjibu, nilikuwa nahesabu vifungo vya koti.

Kwa nini vya zamani vilirudi? Hesabu umri. Aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1956 alikuwa na 34 mwaka 1974, ana mshahara na watoto. Yeye ananunua zilipendwa zake, mtoto ananunua akidhani ni mpya, santuri moja nyumba nzima inacheza. Tena wakati huo muziki wa wakubwa ulikuwa umekuwa wa kukaa chini na kusikiliza gitaa robo saa.

Moto wenyewe ulianza kabla. Jumamosi tarehe 5 Agosti 1972 uwanja wa Wembley, London, ulijaa watu waliokuja kuwaona nyota wa miaka ya hamsini: Bill Haley, Little Richard, Jerry Lee Lewis, Chuck Berry. Nyumbani kwetu hakuna aliyejua. Amin alikuwa ametangaza siku moja kabla kwamba Wahindi waondoke Uganda, na ami yangu alikuwa Kampala. Miezi michache baadaye alikuwa amelala kwenye sofa letu, na Chuck Berry yuko namba moja. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kipuuzi, lakini ndio uliomfunza ami Kiingereza cha mtaani.

Kijana_wa_Nakuru

Shikamoo mzee. Nakupinga kidogo. Nusu ya kasha hilo si zilipendwa, ni biashara ya studio. "Tiger Feet" ya Mud ilitungwa na Chinn na Chapman, ikakaa namba moja wiki nne mwaka 1974. "Sugar Baby Love" ya Rubettes nayo ni kazi ya studio, ingawa watunzi wake ni wengine, na ile sauti nyembamba ni ya Paul Da Vinci, mwimbaji wa kukodi ambaye hata hakuingia kwenye bendi. Waliovaa kofia nyeupe kwenye televisheni ni wengine.

Babu_wa_Belgrave

Marahaba. Hapo sikupingi. Ndiyo maana nasema msome mabano chini ya jina la wimbo, ndimo yalimo majina ya watunzi. Ukikuta Chinn na Chapman, ni nguo mpya iliyoshonwa kizamani. Ukikuta Boyce na Lee, kama kwenye "Under the Moon of Love" iliyokaa namba moja wiki tatu Desemba 1976, ni mtumba: Curtis Lee aliuimba 1961, mtayarishaji Phil Spector. Mtumba uliofuliwa vizuri, lakini mtumba.

Mpemba_Halisi

Mnazunguka kote huko mnamsahau mtoto wa Mji Mkongwe? Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja 1946. Bendi yake, Queen, walitoa "Crazy Little Thing Called Love" 1979, Elvis mtupu, ikafika namba mbili. Mwenyewe alisema aliutunga akiwa kwenye bafu la hoteli Munich.

Mwanatanga_Leicester

Shikamoo babu, nisamehe, nilikurupuka. Viziba nimepata. Leo nimemwekea bibi "Under the Moon of Love", akanionyesha kwa kidole pale kwenye kapeti walipokuwa wakicheza na mumewe, halafu akasema nipunguze sauti. Sasa sindano imeanza kuruka, kila wimbo unarudi pale pale. Babu, hapo Belgrave kuna fundi anayebadilisha sindano, au niagize?