Mzee kakaa, sauti yake bado imesimama! Huyu mtaalamu wenu mnamfuga wa nini?

Mwana_wa_Mzee (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Jina simtaji na hakuna haja, kila mtu humu anamjua. Yule. Yule ambaye ukimuuliza swali la mstari mmoja anakujibu kwa neno moja, halafu chini yake saini ya mistari kumi, orodha ya mitambo yake yote. Yule wa "lete kanda, niachie mimi".

Nikamwachia. Kanda ya VHS, ya pekee, haina nakala popote duniani: hotuba ya Mzee siku aliyostaafu, saa moja na nusu. Akarudisha DVD ina menyu, menyu ina muziki, muziki una maua yanayozunguka. Maua nani aliyaomba?

Jana jioni ukoo mzima umejaa sebuleni, Mzee mwenyewe kiti cha mbele. Mwanzo safi kabisa. Katikati midomo ikaanza kwenda kivyake. Kufika mwisho, wakuu, sauti ilikuwa inakuja kwa miguu, tena imebeba mizigo. Mzee kwenye picha amemaliza, amekaa, amevua miwani, anajifuta jasho kwa leso, mdomo umefungwa. Na sauti yake inasema: "Baada ya hayo machache, naomba niketi."

AMESHAKAA! Mtu anaomba kuketi akiwa ameketi!

Watoto wakaangua kicheko. Mzee akageuka, akaniuliza mimi, "Huyo anayeongea ni nani?"

Asubuhi hii nimemwandikia huyo bwana, salamu kwanza, adabu zote. Jibu lake hili hapa: "Sauti iko sawa, macho yenu ndiyo yanachelewa." Macho ya ukoo mzima! Na hata tusi lenyewe limekosewa: picha ndiyo iliyowahi, sauti ndiyo iliyochelewa. Kwa hiyo macho yetu yalifika mapema, yakakaa yakaisubiri kazi yake mbovu. Ameshakaa, jamani. Miwani mkononi, leso usoni, ameshakaa.

Kaseti_Kuukuu

Pole sana mkuu. Kama ni huyo ninayemfikiria (na ni huyo), kwangu aliifanya kinyume. DVD ya harusi ya dada, sauti inatangulia. "Nimekubali" inasikika wakati mdomo wa padri bado unauliza. Mpaka leo shemeji anasema alioa kwa haraka.

Popo_wa_Usiku

Mleta mada, mimi sijaona kosa. Mzee aliomba kuketi na kweli akaketi. Umetaka nini tena?

Mwana_wa_Mzee

Popo, siku Mzee wako akikuuliza "huyo anayeongea ni nani" mbele ya wajukuu ndipo uje tuongee. Alijifuta jasho mara mbili sauti ikiwa bado inashukuru kamati ya maandalizi!

Fremu_kwa_Fremu

Mkuu tuliza munkari kidogo, hebu tujibu mawili. Kanda ni PAL au NTSC (mifumo miwili ya zamani ya video ya TV)? Na pale mwisho sauti imechelewa kwa sekunde ngapi, kwa makadirio?

Mwana_wa_Mzee

Ganda la kanda limeandikwa NTSC. Sekunde ni tano na ushee, binamu amepima kwa simu. Lakini mimi sikuleta hesabu humu, nimeleta MTU.

Fremu_kwa_Fremu

Basi mtu wako umemkamata. NTSC haiendi kwa fremu (picha mojamoja zinazounda video) 30 kwa sekunde, inaenda kwa 29.97. Ukinasa kanda halafu ukaliambia faili kwamba ni 30, picha inakimbia kwa sehemu moja katika elfu, sauti inabaki na mwendo wake. Kwa saa moja tofauti inafika sekunde 3.6. Kwa saa moja na nusu ni sekunde 5.4. Hiyo ndiyo "tano na ushee" ya binamu. Ndiyo maana mwanzo ulikuwa safi: hitilafu ya namna hii inajificha dakika za kwanza, inakomaa mwishoni. Mtu anayechoma DVD akaangalia dakika mbili za mwanzo tu na kusema "iko sawa" hajaangalia kitu.

Na msiache awaambie ni TV. TV ikichelewesha picha, inachelewesha kiasi kilekile dakika ya kwanza na dakika ya tisini. Haikui. Kinachokua kimo ndani ya faili.

Sikio_Kali

Kuhusu hayo macho: kuna pendekezo la ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), BT.1359 la mwaka 1998, linasema mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, au ikichelewa kwa 125. Hapa tunaongelea zaidi ya elfu tano. Hata aliyesinzia anagundua.

Mwana_wa_Mzee

ELFU TANO! Mmesikia? Na ananiambia macho yangu! Elfu tano na mdomo umefungwa!

Mama_Kanda

Mwanangu, punguza hasira, tuokoe hotuba. Usimpelekee tena yule. Inakili DVD kwenye kompyuta, tenganisha sauti na picha, picha usiiguse kabisa, usiibane upya. Sauti ifungue kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), ongeza tempo, yaani mwendo, kwa asilimia 0.1, sikio halitajua tofauti. Ihifadhi upya kama AC3 (aina ya faili la sauti la DVD) ya 48 kHz, yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, ziunganishe, kisha jaribu kwenye diski ya RW (inayofutika) kabla ya kuchoma ya kudumu. Angalia sehemu tatu: mwanzo, katikati, na pale Mzee anapoketi. Tena pale anapoketi ndipo pazuri pa kupimia, maana ana neno la mwisho na tendo la mwisho.

Mwana_wa_Mzee

Shikamoo mama, na asante sana. Nitafanya leo hii. Lakini kwa nini nifanye mimi? Yeye aliyeweka maua yanazunguka alishindwa kutazama Mzee anaketi saa ngapi?

Drop_Frame

Fremu, usikimbilie 29.97. Kanda kuukuu ina mikunjo, kompyuta ikinasa inapoteza fremu, zikipotea bila kujazwa picha inawahi vilevile. Kwenye PAL kila fremu ni milisekunde 40, zikipotea 100 tayari ni sekunde nne. Huwezi kujua mpaka upime katikati.

Fremu_kwa_Fremu

Kweli, ila fremu zikipotea hitilafu inaruka kwa vishindo, pale kanda ilipoharibika. Mwendo ukikosewa inakua taratibu na sawasawa. Mleta mada, dakika ya 45 ilikuwa ngapi?

Mwana_wa_Mzee

Binamu anasema karibu tatu kasoro. Nusu kwa nusu.

Fremu_kwa_Fremu

29.97. Nimemaliza.

Drop_Frame

Hujamaliza. Mashine ya kunasia isiyo na kirekebisha muda (kifaa cha kutuliza mwendo wa picha ya kanda), kanda ikicheza ovyo, ndiyo mama wa yote. Tunawafundisha watu kutibu homa.

Kaseti_Kuukuu

Na MP3 je? Mimi nilipewa faili la video la AVI lenye sauti ya MP3 ambayo kiasi cha data kwa sekunde kinabadilikabadilika, nikaligeuza kuwa DVD, sauti ikaenda ikirudi kama imelewa. Nilipoigeuza kwanza kuwa WAV ya kawaida, sauti isiyobanwa, ndipo ikatulia. Halafu watu wanasema faili halina tatizo!

Sikio_Kali

Afadhali yako. Mimi nililetewa sauti ya 44.1 kHz imeandikwa 48. Baba mzima anaongea kama katuni, na hotuba ya dakika 90 inaisha zaidi ya dakika 7 kabla ya picha. Sasa hapo Mzee angekuwa bado anasalimia sauti imeshaenda nyumbani.

Popo_wa_Usiku

Hahahaha. Huyu angeketi kabla hajasimama.

Mwana_wa_Mzee

Jamani, uzi ni wa yule bwana. Bado hajajibu. Nimeona yuko mtandaoni, kitone cha kijani kinawaka. Anasoma humu.

Nene_kwa_Lazima

Samahani kuingilia. Kwa kuwa mnaongelea DVD mbovu: kwa nini kanda zote za zamani wanazivuta ziwe pana? VHS ni 4:3 (upana kwa kimo), wanaibandika 16:9, kila mtu anapanuka kwa theluthi. Mke wangu amegoma kuangalia sherehe yake mwenyewe. Miaka yote alikuwa mwembamba, DVD moja imemfanya kabati.

Mama_Kanda

Hilo ni alama tu ndani ya faili, linabadilishwa bila kubana picha upya. Ila ndiyo, linaudhi. Watu wanaona pembeni peusi kwenye TV pana wanadhani ni kasoro.

Nene_kwa_Lazima

Mama, mweleze mke wangu kwamba ni alama tu.

Drop_Frame

Na wale wanaobandika karatasi juu ya diski? Diski inapoteza mizani, ikizunguka kwa kasi inatetemeka, ikipata joto gundi inaachia. Nimepoteza diski nyingi kwa mapambo.

Kaseti_Kuukuu

Yule bwana hubandika karatasi! Yangu ilikuwa na maua!

Mwana_wa_Mzee

Na yangu! Maua yaleyale!

Mgeni_Humu

Wakuu, kuhusu hiyo karatasi. Yangu imebanduka ikiwa ndani ya kompyuta, trei inatoka nusu halafu inarudi, inakwaruza. Kompyuta si yangu, ni ya ofisi, na mwenyewe yuko njiani. Nifungue na bisibisi au nivute?

Popo_wa_Usiku

USIVUTE.

Mgeni_Humu

Nimevuta.