Rangi za nyaya ndani ya kebo ya mtandao: mpangilio upi ni sahihi?

MwalimuKgm:
Habari za leo ndugu zangu. Ninafundisha katika shule moja ya sekondari hapa Kigoma Mjini, na nimekabidhiwa chumba cha kompyuta ambacho kebo zake zilifungwa na mafundi tofauti kwa nyakati tofauti. Kwa nje kuna kebo za kijivu, za buluu na za njano. Kwa ndani, baadhi ya plagi zinaanza na waya mweupe wenye mstari wa chungwa, nyingine zinaanza na mweupe wenye mstari wa kijani. Ipo pia kebo moja ndefu, inayotoka kwenye swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao) hadi ofisi ya walimu, ambayo nyaya zake zimepangwa jozi kwa jozi: chungwa, kijani, buluu, kisha kahawia. Hiyo ndefu ndiyo inayonisumbua, kwa kuwa mtandao wa ofisini hukatika mara kwa mara ingawa testa (kifaa cha kupimia kebo) inawasha taa zote nane kwa kufuatana. Naomba kueleweshwa rangi hizi zina maana gani hasa, na kama rangi ya ganda la nje nayo ina maana.

FundiGungu:
Mwalimu, umeme haujui rangi. Ilimradi mpangilio wa upande mmoja unafanana na wa upande wa pili, na testa imepitisha zote nane, kebo hiyo ni nzima. Tafuta tatizo kwenye swichi au kwenye ruta.

Mnyanyembe:
Salaam kutoka Tabora. Nakubaliana na fundi kwa nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye jibu la tatizo la mwalimu.

Ni kweli umeme haujui rangi, lakini rangi zipo ili fundi ajue ni waya upi umesokotwa na upi. Ukichuna ganda utaona jozi nne, na katika kila jozi waya wa rangi kamili umezungushwa pamoja na mwenzake mweupe wenye mstari wa rangi hiyohiyo. Nyaya hizo mbili hufanya kazi kama maksai wawili wa nira moja: mmoja hubeba ishara, mwingine hubeba ishara ileile ikiwa imegeuzwa. Kelele ya umeme kutoka nje huziingia zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana, na kifaa kinachopokea huchukua tofauti kati yake, hivyo kelele hujifuta. Hayo yote hutegemea jozi ibaki jozi hadi kwenye pini, yaani vile vijimeno vinane vya shaba kwenye plagi.

Sasa, kifaa cha mtandao hakihesabu jozi kwa kufuatana. Pini ya 1 na ya 2 ni jozi, ya 3 na ya 6 ni jozi, ya 4 na ya 5 ni jozi, ya 7 na ya 8 ni jozi. Jozi ya 4 na 5 iko katikati kwa sababu mpangilio huu uliheshimu plagi za simu, ambazo laini yake ya kwanza hukaa katikati. Aliyepanga kebo ya ofisini chungwa, kijani, buluu, kahawia kwa kufuatana, pini ya 3 ameipa nyeupe-kijani na pini ya 6 ameipa buluu, yaani nyaya mbili zisizosokotwa pamoja. Testa ya taa haiwezi kuliona kosa hilo, kwa kuwa inapima tu kama waya umefika upande wa pili. Kwenye kebo fupi huenda usione athari yoyote, lakini kwenye ndefu ishara za jozi moja huvuja kwenye nyingine, na mtandao huanza kukatika kama unavyoeleza.

Mipangilio inayokubalika ni miwili. T568B huanza na nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. T568A hubadilishana chungwa na kijani tu; buluu na kahawia hazihami. Hakuna uliozidi mwenzake kwa kasi. Kabla ya kuhesabu, shika plagi kibano chake kikiwa upande wa chini, pini za shaba zikiwa juu na kebo ikielekea kwako: pini ya 1 ni ya kushoto.

MwalimuKgm:
Ahsante sana ndugu yangu, sasa nimeelewa. Je, ninaweza kukata plagi na kuzifunga upya bila kuvuta kebo nyingine? Kompyuta ya ofisini pia inaonyesha kasi ya 100 (megabiti kwa sekunde) wakati swichi ni ya 1000.

Mnyanyembe:
Unaweza. Kata pande zote mbili na ufunge T568B kotekote, na usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja hivi. Kasi ya 100 hutumia pini 1, 2, 3 na 6 pekee, ilhali 1000 huhitaji jozi zote nne, kwa hiyo kasi ikibaki 100 baada ya kufunga upya, kagua kwanza buluu na kahawia: huenda waya mmoja haukufika mwisho wa plagi.

Kuhusu ganda la nje, kijivu au njano haikuambii ubora wa kebo. Ni makubaliano ya mwenye jengo tu, na ni vyema uyaandike na kuyabandika kwenye kabati la swichi. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye ganda: CAT5E au CAT6 ndiyo daraja lake, na ukikuta CCA ujue ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme vibaya zaidi na huvunjika kwa urahisi. Hiyo usiilipie bei ya shaba.

FundiGungu:
Nimekuelewa, kaka. Niongeze moja: ikiwa kebo ya ofisini inapita nje ya jengo, mwalimu atafute iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje. Ganda lake huwa jeusi kwa sababu ya kaboni inayokinga plastiki dhidi ya jua, lakini si kila kebo nyeusi dukani ni ya nje, kwa hiyo amuulize muuzaji na asome maandishi kabla ya kukatiwa. Jumla isizidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta.